Ampuli mpya ni nzuri, lakini fundi wa umeme atakula nini?



Sisi tunaoandika hapa ni watu wa sendika ya wachimbaji. Kazi yetu ni mashimo, dhahabu, chepeo na mabishano na wenye mashimo. Mtu anaweza kutuuliza: «Nyinyi watu wa shimo, mambo ya ampuli inawaangalia nini?» Inatuangalia sana. Mtu anayeshuka chini ya udongo ndiye wa kwanza kujua bei ya mwanga. Na tena, watoto wetu wengi hawataki kufwata baba zao shimoni. Wanaingia shule ya ufundi, wanasoma umeme, wanapata diploma ya A2, kisha wanarudi nyumbani kutafuta kazi ambayo inaonekana imeanza kukauka.

Tulizungumza na fundi mmoja wa commune ya Kimemi, mtu wa miaka mingi katika kazi. Alituambia hivi: «Zamani mama wa duka alikuwa ananiita kila mwezi. Leo ampuli imekufa, kesho startere ya neoni, kesho kutwa balasti inalia kama nyuki. Kila mara nilikuwa napata kitu kidogo cha kununua bugali. Sasa ananiita siku moja, naweka LED kila chumba, ananilipa, kisha ananisahau miaka miwili. Mwanga umeongezeka, mimi nimepungua.»

Neno hilo, «mwanga umeongezeka, mimi nimepungua», hatukuweza kulisahau. Ndiyo sababu tunaandika.

Kwanza tuseme ukweli bila kuzunguka: ampuli ya LED ni kitu kizuri. Ile ampuli ya zamani ya waya ndani, ile tuliyokulia nayo, ilikuwa jiko kuliko taa. Zaidi ya 90 kwa mia ya umeme wake ulikuwa unageuka joto. Ndiyo maana hata leo wafugaji wa kuku wanaitafuta kwa kupasha vifaranga, na katika baridi ya Butembo wana haki. Lakini kwa kuangaza nyumba, ampuli ya 60 watt leo inashindwa na LED ya 9 watt. Ile ya zamani ilitengenezwa kwa kudumu kama saa 1.000. Ukiiwasha saa tano kila usiku, ni usiku 200, hata miezi saba haifiki. LED nzuri inaandikiwa saa 15.000. Kwa saa tano kila usiku, ni zaidi ya miaka minane. Wataalamu watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2014 kwa sababu walifaulu kutengeneza LED ya mwanga wa bluu, ambayo ndiyo ilifungua njia ya mwanga mweupe. Ulaya yenyewe ilianza kuondoa ampuli za zamani sokoni mwaka 2009, ikamaliza mwaka 2012. Hakuna mtu atakayerudisha maji hayo mlimani.

Na kwetu hapa faida ni kubwa kuliko huko Ulaya. Sisi ni watu wa umeme kidogo. Butembo ilikua ikawa mji mkubwa wa biashara karibu bila umeme wa leta. SNEL iliundwa mwaka 1970, Inga ya kwanza ikaanza mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, lakini wakaaji wa Butembo walijiangazia wenyewe: mwenye groupe alivuta waya kwa majirani, mwenye mto alitafuta turbine, mwenye feza kidogo alinunua paneli ya jua. Upande wa Beni, kituo kidogo cha maji cha Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kilianza kutoa umeme mwaka 2013. Mtu mwenye umeme wa kuhesabu kwa kijiko, LED kwake ni baraka. Paneli ya 100 watt, siku ya jua la kadiri na baada ya hasara ya betri, inaweza kukupa kama watt-saa 300. Kwa ampuli ya zamani ya 60 watt, hiyo ni ampuli moja kwa saa tano. Kwa LED za 9 watt, unawasha sita saa hizo hizo, na kidogo inabaki ya kuchaji simu. Mtoto anasoma, mama anapika akiona chungu, mgonjwa anahudumiwa usiku.

Basi shida iko wapi? Shida si ampuli. Shida ni swali ambalo sendika inapashwa kuuliza kila mara kitu kipya kinapoingia kazini: hiyo faida inaenda mfukoni mwa nani?

Tuangalie mwenye groupe. Pale ambapo analipisha kwa mita, ukibadilisha ampuli, wewe mwenyewe unapata nafuu. Lakini pale ambapo analipisha kwa hesabu ya ampuli, kila kichwa bei yake kwa mwezi, ukitoa ya 60 watt na kuweka ya 9 watt, unalipa ile ile. Esansi inayobaki ni ya nani? Ni yake. Wewe ulinunua ampuli ya bei kali, yeye ndiye anakunywa faida. Hatusemi ni mwizi. Tunasema hakuna mtu aliyemwambia kwamba hesabu imebadilika, na fundi ndiye mtu anayeweza kumwambia, kwa sababu fundi anajua kusoma watt.

Hayo tuliyaona kwanza shimoni. Wazee wetu waliingia na mshumaa au taa ya mafuta. Kisha ikaja torshi ya mawe, tukaifunga kichwani na kipande cha mpira wa chambre à air. Mawe yalikuwa yanakula feza. Wiki moja, mawe mapya. Kisha ikaja torshi ya LED ya kuchaji. Tulifurahi sana. Lakini nini kilifwata? Mwenye shimo akaona kwamba mwanga haukatiki tena, akaongeza timu ya usiku. Feza ya mawe tuliyookoa, tuliilipa tena kwa usingizi wetu. Kitu kipya kilikuja, hatukukaa pamoja kupanga masharti, mwingine akayapanga mahali petu.

Na kuna jambo lingine la shimoni, ambalo ni kubwa kuliko feza. Mshumaa ulikuwa unazungumza. Hewa ikipungua, moto wake ulianza kulegea, ukawa mdogo, ukazimika. Hewa nzuri iko na oksijeni 21 kwa mia. Ikishuka kufika kama 16, mshumaa unazimika, na mzee alijua: tupande juu sasa hivi. Hata Waingereza, mwaka 1815, bwana Humphry Davy alipotengeneza taa ya wachimba makaa, moto wake ulikuwa unabadilika kuonyesha gesi mbaya. Kweli mshumaa haukujua yote. Moshi wa motopompe, ile gesi isiyokuwa na harufu, unaua mtu mbele ya mshumaa unaowaka vizuri. Lakini ulisema kitu. Torshi ya LED haisemi kitu. Inawaka vizuri kabisa hata hewa imekwisha, na inaendelea kumwangaza mtu aliyekwisha kuanguka.

Je, turudi kwa mshumaa? Hapana. Mshumaa shimoni unakula hewa na unaweza kuchoma. Tunachosema ni hiki: mwanga mpya umeondoa alama ya zamani, basi inapashwa kuweka alama nyingine mahali pake. Shimoni ni mashini ya kupuliza hewa, na mtu anayejua kuifunga vizuri na waya wake. Na mtu huyo ni nani? Ni fundi wa umeme! Ndiyo maana tunasema kazi yake haikufa. Imehama, na yeye hakuambiwa anwani mpya.

Tuingie sasa nyumbani, kwa sababu nyumbani pia LED inaficha mambo.

Nyumba ya ampuli kumi za 60 watt ilikuwa inavuta 600 watt. Kwa umeme wa 220 volt, ni karibu ampere 2,7. Waya mbaya ulikuwa unaanza kupata joto, harufu ya plastiki ilitoka, watu wakaita fundi. Leo ampuli kumi za 9 watt ni watt 90, hata nusu ampere haifiki. Waya mwembamba kama uzi wa kushona unabeba hiyo bila kulalamika. Mwenye nyumba anasema: «Unaona? Kwa nini nilipe fundi wa A2 na waya wa 1,5? Huyu kijana wa jirani amenifungia yote kwa nusu bei.» Mwaka mzima, hakuna shida. Kisha wanapata umeme wenye nguvu. Mtoto wa kwanza anapata kazi, ananunua frigo. Mama ananunua pasi. Wanachomeka pale pale, kwenye waya ule ule wa ampuli, mahali ambapo ilipashwa kuwa waya wa 2,5 na dijonkteri yake. Usiku moto unatoka ndani ya dari. Nyumba zetu zimebanana, mbao kwa mbao, na kila mkaaji wa Butembo na Beni anajua namna moto unavyotembea katika soko la mbao na mabati.

Mfano mwingine. Watu wengi wanatuambia ampuli yao mpya inawaka kidogo kidogo usiku hata kama wameizima. Wengine wameanza kuwaza uchawi wa jirani. Wandugu, si uchawi. Mara nyingi aliyefunga enterupteri amekata waya wa netre mahali pa waya wa faze. Ampuli ya zamani haikuweza kuonyesha kosa hilo, kwa sababu ilihitaji umeme mwingi kwa kuwaka. LED inatosheka na kidogo sana, basi inawaka. Na maana yake ni mbaya: umezima, lakini faze ingali ndani ya duli. Mtu akipanda meza kubadilisha ampuli, akagusa, anaweza kufa na enterupteri iko chini. Hapo LED imekupa alama. Usiipuuze, ita fundi, tena fundi wa kweli.

Kuna pia jambo la mali mbaya. Wafanyabiashara wetu ni watu hodari, hilo dunia inajua. Wanafika mpaka Dubai na Guangzhou, kontena inashuka Mombasa, inapita Uganda, inaingia Kasindi. Ndani ya kontena hizo tunapata ampuli nzuri, na tunapata pia takataka iliyoandikwa «saa 25.000» ambayo inakufa mbele ya mwezi wa pili. Ampuli ikikufa, mteja analaumu nani? Halaumu aliyeiuzisha, hata jina lake halijui. Analaumu fundi aliyeipandisha. Fundi anarudi bure, anabadilisha bure, na jina lake linachafuka sokoni. Hiyo si haki. Office Congolais de Contrôle iko na kazi ya kuangalia mali inayoingia. Tunaomba kazi hiyo ionekane pia upande wa ampuli na waya, kwa sababu waya ulioandikwa 2,5 na ndani ni 1,5 unaua watu kuliko pombe mbaya.

Na hapo kati ya ampuli ya zamani na LED kulikuwa neoni na zile ampuli za ekonomiki zilizojizungusha kama nyoka. Sisi wachimbaji tunazungumza juu yake na moyo mzito, kwa sababu ndani yake kuna zebaki. Tunaijua zebaki. Ndiyo wengi wanayotumia kushika dhahabu, kisha wanaichoma kwenye sahani jikoni, watoto wakiwa pale. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, yenye jina la mji wa Japani uliotiwa sumu na zebaki, yanaangalia vyote viwili: dhahabu yetu na taa hizo. Nchi za mapatano zilikubaliana kwamba ampuli za ekonomiki za kawaida ziachwe kufikia 2025, na neoni kufikia 2027. Maana yake, miaka hii mafundi watashusha neoni maelfu katika maofisi, shule na hospitali. Zitaenda wapi? Tukizivunja nyuma ya nyumba, tunaamisha tu sumu kutoka darini kufika uwanjani ambapo watoto wanachezea. Mafundi, msizivunje. Na wakubwa wa mji, tuonyesheni mahali pa kuziweka.

Sasa mtu atasema: «Sawa, mmetueleza. Fundi atakula nini?» Tunajibu kama sendika, si kama wauzaji wa ndoto.

Neno la kwanza ni kwa mafundi wenyewe. Acheni kuuza kazi yenu kwa hesabu ya ampuli. Bei ya kupandisha ampuli itaendelea kushuka, kwa sababu hata mtoto anaweza kuizungusha. Uzisheni kile mtoto hawezi: kupima nyumba mbele mwenye nyumba hajahamia, kutenga waya wa mwanga na waya wa prizi, kuweka waya wa udongo, kuweka dijonkteri ya kadiri, kuhesabu paneli na betri, kurudi kila mwaka kuangalia. Kazi ya jua peke yake ni shamba kubwa. Betri ngapi zinakufa katika mwaka mmoja kwa sababu hakuna aliyehesabu?

La pili, kaeni pamoja. Leo fundi wa Mulekera anaitwa, anataja bei ya haki. Mteja anapiga simu kwa mwingine wa Bungulu, anashusha nusu. Wa tatu anashusha tena. Mwisho wote watatu wanalala na njaa na nyumba imefungwa vibaya. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika article 38, inatambua uhuru wa sendika. Haikusema ni wa wachimbaji na walimu tu. Fundi anayefanya kazi peke yake na mfuko wake wa vifaa begani, naye pia anaweza kukaa na wenzake, kupatana bei ya chini kabisa ambayo hakuna atakayeshuka chini yake, na kupatana kanuni: yule anayefunga waya wa uongo, tunamwita, tunamsemesha, akikataa tunamtangaza. Sisi tulianza hivyo, chini ya mti, watu hata kumi hatukufika.

La tatu ni kwa shule na INPP. Vijana wanafundishwa vizuri namna ya kufunga startere na balasti, vitu ambavyo wakimaliza shule hawatavikuta. Wafundishwe kutengeneza ile sanduku ndogo inayolisha LED, kwa sababu mara nyingi LED yenyewe ni nzima, na kilichokufa ni kondensateri moja ya bei ndogo. Wafundishwe umeme wa jua na wa betri. Na wale wa miaka arobaini na zaidi, ambao hawawezi tena kukaa kwenye banki ya shule, wafungulieni masomo ya jioni. Mtu wa umri wetu bado anaweza kujifunza, mradi asichekwe.

La nne ni kwa wale wanaogawa umeme katika miji yetu, wakubwa na wadogo. Tangu sheria ya tarehe 17 Juni 2014, SNEL haiko tena peke yake katika kazi ya umeme. Kampuni na watu binafsi wameingia, na ni vizuri. Lakini mkifika mpaka kwenye mita mnasema: «Yetu imeishia hapa.» Nyumba ya nyuma ya mita ni ya nani? Tunaomba msifunge umeme kwa nyumba ambayo fundi anayetambulikana hajaiangalia na kutia saini. Hiyo saini itakuwa kazi kwa fundi na usalama kwenu, na mwenye nyumba atalala.

La mwisho ni kwa wenye mashimo, majirani zetu wa kila siku. Mnanunua torshi kwa wingi, mnajisifu. Sawa. Nunueni pia mashini ya hewa, na lipeni fundi wa kuifunga. Mtu aliyewekewa mwanga bila hewa ameonyeshwa tu vizuri mahali atakapolala.

Wandugu, katika nchi yetu ya Beni na Butembo usiku ni jambo zito. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa katika giza, na tangu mwezi wa tano 2021 tuko chini ya état de siège. Fundi wetu anapima saa ya kutoka kazini kama vile anavyopima waya, ili afike nyumbani salama. Mtu huyo, anayetembea kwa hofu kwa kuleta mwanga katika nyumba za wengine, hatustahili kumwambia: «Asante, ampuli mpya haikufi, hatukuhitaji tena.»

Tunamhitaji kuliko jana. Ampuli ya zamani hata mjinga aliweza kujua kama iko na shida, kwa sababu ilizimika. Hii mpya inaendelea kuwaka na shida iko nyuma yake. Ndiyo maana tunataka mtu anayeona nyuma ya mwanga, na tunataka alipwe.

Mafundi wa umeme wa Kimemi, wa Mususa, wa Bulengera, wa Vulamba, na nyinyi wa Beu, wa Bungulu, wa Mulekera na wa Ruwenzori: mlango wa sendika yetu uko wazi. Hatutakuwa wakubwa wenu. Tutawaonyesha tu namna ya kuandika statuts, namna ya kuweka kasa ya pamoja, na namna ya kukaa mbele ya mkubwa bila kuvua kofia mara mbili. Kujeni. Na tafadhali, mkifika, mtuangalilie ile ampuli ya ofisi yetu, kwa sababu nayo inawaka usiku hata tumeizima.